Kwa Chebet, Kuhusu Jino Ulilonitengenezea

Chebet,

Jino limevunjika. Lile la mbele, upande wa kulia, ulilolifunika kwa njia yako ya chupa tatu. Najua barua huanza kwa salamu, lakini wewe hukuwa mtu wa salamu ndefu. Mgonjwa akianza kukueleza alivyoamka, alivyofika stejini na aliyekutana naye huko, ulimkata: "Mzee, fungua mdomo kwanza, hiyo ingine tutaongea baadaye." Basi mimi nimefungua mdomo kwanza.

Nilikuwa nakula chapati. Si mfupa, si muwa. Chapati laini na dengu, ofisini kwangu, saa ya chakula cha mchana, peke yangu kama ninavyokula siku hizi. Nikahisi kitu kama changarawe juu ya ulimi. Nikakitema kiganjani: kipande cheupe, chembamba, kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikitambua kabla sijafika kwenye kioo. Na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa kukuita. Nilivuta pumzi niseme "Chebet, kuja uone," mlango wa chumba chako uko wazi mbele yangu, na ndani yake mtu mwingine anapanga vyombo vyake.

Nikaishusha ile pumzi. Nikakifunga kile kipande kwenye karatasi laini, kama wagonjwa wetu wanavyofanya, nikakitia mfukoni mwa koti.

Acha nikurudishe nyuma. Najua hujasahau, lakini sina mtu mwingine wa kumsimulia haya akayaelewa. Watu huniambia "pole kwa kumpoteza mwenzako wa kazi," nami naitikia asante. Mwenzako wa kazi ni mtu wa kuachiana zamu. Wewe ulikuwa mtu pekee duniani aliyeujua mdomo wangu.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Bondeni, mjukuu wa mtu aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli. Maji tuliyokunywa yalikuwa ya kisima, yenye madini mengi, na madini hayo yaliingia kwenye meno yangu yakiwa bado ndani ya ufizi. Yalipoota yalikuwa na rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa. Wewe ulitoka Elburgon, binti wa fundi mbao, mkinywa maji ya kijito kinachoshuka kutoka msitu wa Mau, na meno yako yalikuwa meupe kana kwamba hujawahi kunywa chai maishani. Siku ya kwanza chuoni Nairobi uliniona nikicheka, ukasema mbele ya darasa zima, "Wewe ni wa Nakuru. Usikatae, meno imeshakusema." Nilikununia wiki nzima. Baadaye nikagundua kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza kuyataja meno yangu bila kuniambia nipige mswaki zaidi, na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Tulipofungua kliniki yetu hapa mjini, tulibishana kuhusu kila kitu, lakini ubishi wenyewe hasa ulikuwa juu ya gundi. Resini nyeupe haijishikilii yenyewe kwenye jino. Kinachoishikilia ni gundi, na gundi ikiachia, kazi yote uliyoifanya kwa mikono mizuri inadondoka ndani ya sahani ya githeri. Wewe ulikuwa wa chupa tatu. Asidi kwanza, uioshe, ukaushe kiasi. Kisha kilainishi. Kisha gundi yenyewe. Ndipo uweke resini na kuigandisha kwa taa ya buluu. Mimi nilitaka ile chupa mpya, moja tu, ambayo yote yamechanganywa humo humo. Unapaka, unapuliza, unawasha taa, mgonjwa mwingine anaingia. Ulikuwa ukiniambia chupa moja ni kama kupika ugali, mboga na chai ndani ya sufuria moja. "Itaiva, sawa. Lakini utakula nini?" Nami nikikujibu kwamba mwenye chupa tatu ana nafasi tatu za kukosea. Hukuwahi kunijibu vizuri hapo, na unajua.

Mahali tulipokubaliana ni kwenye meno ya hapa kwetu. Kitabu kinasema asidi ikae muda mfupi tu, halafu ioshwe. Kitabu hicho kiliandikwa na watu wasiokunywa maji yetu. Jino la Nakuru limeshiba madini, gamba lake linaikataa asidi, na ukifuata kitabu gundi inashika juu juu tu, kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye vumbi. Tulijifunza kwa aibu, wewe na mimi, wagonjwa wetu wa mwanzo waliporudi kabla ya mvua za masika na vipande vyao mkononi. Tangu hapo ukawa unakwaruza gamba kidogo kwanza, kisha unaiacha asidi ikae mara mbili ya muda wa kitabu. "Hii ni jino ya Nakuru, si ya kitabu." Na ukifika kwenye kukausha, unamtaja marehemu baba yako: mbao mbichi haishiki gundi, na iliyokauka kupita kiasi inainywa gundi yote ikabaki kavu. Wagonjwa walidhani unatania. Mimi nilijua ndiyo fizikia yote uliyohitaji.

Siku uliyokubali kunifunika meno yangu mawili ya mbele, nilikuwa nimeshapita miaka ya kujali, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilikaa kwenye kiti, nikasema jino moja ulifanye kwa njia yangu. Ulicheka mpaka ukavua glavu. "Sawa. Kulia yangu, kushoto yako. Yenye itaachia kwanza, mwenyewe atasimama mbele ya watu wote hapa aseme alikuwa mjinga." Tukapeana mikono. Na hukunionea. Meno yote mawili uliyakwaruza sawa, ukayapa subira ile ile, ukatofautisha gundi tu. Mtu mwingine angefanya la kushoto ovyo kidogo ili ashinde. Uliponipa kioo nilijiona nacheka kwa meno meupe kwa mara ya kwanza maishani, nikalia, nawe ukaniambia nisitoe machozi karibu na taa yako.

Halafu ikawa desturi. Kila Januari, siku ya kufungua baada ya Krismasi, kabla mgonjwa yeyote hajaingia, tulikaguana. Ulipitisha kile chuma chembamba kwenye kingo za meno yangu, polepole, umeshikilia pumzi. "Yangu bado." Na yangu? "Yako pia bado, kwa bahati mbaya." Kisha tunabadilishana kiti, naangalia magego yako, nakugombeza kwa sababu ya ile miwa unayonunua njiani ukitoka kwa mama. Watu wengine hupeana kadi za mwaka mpya.

Januari hii nilifungua kliniki mwenyewe. Nikalala kwenye kiti na kioo cha mkono, taa ikinipiga machoni, nikajaribu kuona kingo za meno yangu. Hazionekani, Chebet. Unaona ulimi wako na pua yako, basi. Kinyozi hajinyoi. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani ni ya watu wanaoringa, kumbe ni ya watu walioachwa.

Sasa habari za huku, maana ungeuliza.

Chumbani mwako yuko Daktari Njeri. Ametoka Murang'a, ana umri wa kuwa mdogo wetu wa mwisho, anavaa miwani ya kukuza vitu na anaimba nyimbo za kanisa akifanya kazi. Sikumpenda. Nakwambia wazi ili usije ukajifanya hukujua. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuketi kwenye kigoda chako na kukishusha, maana wewe ulikuwa mrefu. Nilisikia kile kigoda kikishushwa nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.

Halafu akakosea, na kosa lenyewe likawa lile lile letu. Huko kwao meno ni meupe, na kitabu kinafanya kazi. Akayapa meno ya Nakuru muda wa kitabu. Haikuchukua miezi mingi wakaanza kurudi na vipande vyao kwenye karatasi, mmoja mmoja, msichana wa duka la simu, kisha mwalimu, kisha askari aliyesema kwa sauti kubwa pale mapokezi, "Daktari mwenye alikuwa hapa alikuwa anaweka kitu ikikaa. Ako wapi?" Nilimwingiza yule askari chumbani kwangu mwenyewe. Baadaye nilimwita Njeri nikamwonyesha, jinsi ya kukwaruza, jinsi ya kungoja, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii ni jino ya Nakuru, si ya kitabu," kwa sauti yako kabisa, na kwa kile Kiswahili chako cha Elburgon. Njeri akaandika. Mimi nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Nakukuta vinywani mwa watu. Hilo sikulitarajia. Mtu anakuja kwa ajili ya gego la chini, nawasha taa, na pale juu naona kazi yako. Naijua kama mtu anavyojua mwandiko. Ulikuwa na namna ya kuizungusha kona ambayo hakuna anayeifundisha. Napitisha chuma kwenye kingo, natafuta mahali ilipoachia, na haijaachia. Mama wa Mau Narok anayelima viazi, dereva wa lori, kijana wa chuo. Wanakuja, nakusalimia, wanafunga midomo na kuondoka nawe. Siku nyingine inanipa nguvu. Siku nyingine nawachukia kidogo, wao wanavyokwenda nyumbani nawe bila hata kujua.

Na sijasema bado juu ya ugonjwa wa koo lako. Sitasema mengi. Wewe uliyewafundisha wazee kutafuna pande zote mbili ukafika mahali pa kushindwa na uji. Niliketi kando ya kitanda na kijiko, nikakuona ukinitazama kwa lile jicho lako la kukagua, ukaninong'oneza kwa jina ulilonifupishia, "Nasi, cheka nione." Nilidhani unataka nikuchangamshe. Kumbe ulikuwa unaangalia meno. Nikacheka. Ukasema, "Zote bado." Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia nikayasikia vizuri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyabeba meno haya mawili kama mtu aliyekabidhiwa mayai.

Ndiyo maana kile kipande mkononi kiliniua. Kwanza nilifikiria mashindano yetu. La kulia ndilo lililovunjika, lako. La kushoto, langu, la chupa moja, limekaa pale pale halina hata alama. Kwa hiyo nimeshinda. Miaka yote ya kubishana, halafu nimeshinda, na mshindani wangu yuko chini ya mvua ya Elburgon. Sijawahi kuuchukia ushindi hivyo. Nilitaka kukuamsha nikuombe nishindwe.

Kisha nikafikiria jambo baya zaidi, nalo ni sheria yako mwenyewe. Kila kilichovunjika mbele ulikitoa chote. Hukuwahi kubandika kiraka. Ulikwaruza mpaka ukafika kwenye jino lenyewe, ukaanza upya, ukisema nyumba mpya haisimami kwa msingi wa mtu mwingine. Mimi pia nimefanya hivyo siku zote, kwa sababu yako. Kwa hiyo nilijua kinachoningoja: nikikaa kwenye kiti, daktari yeyote mwenye akili atawasha mashine na kukusaga wewe mpaka uwe vumbi, na mrija wa kunyonya mate utalichukua vumbi hilo. Kazi yako iliyo vinywani mwa watu ni ya watu. Ile iliyokuwa yangu ilikuwa hiyo.

Basi nikakataa. Nikavaa barakoa asubuhi hadi jioni, na nani atamshangaa daktari wa meno kwa kuvaa barakoa? Kanisani niliimba mdomo umefungwa nusu. Nikaanza kutafuna kwa magego tu, kama mbuzi. Njeri aliniona, maana kazi yake ni kuona. Mara ya kwanza alisema, "Daktari, nikuangalie hiyo jino?" Nikamwambia niko sawa. Mara ya pili alisema, "Utakaa na hiyo kona kali mpaka ikukate ulimi?" Nikamwambia ulimi ni wangu. Nilikuwa mkali, Chebet. Na chini ya ukali, niseme ukweli, nilikuwa nikiwaza wale watu na karatasi zao. Huyu ndiye nimpe jino la Nakuru la pekee ninalolijali?

Nilikwenda kwa mama yako. Huwa naenda, usidhani nimemtupa. Alinipikia, akaketi upande wa pili wa meza, akanitazama nikila na mkono mbele ya mdomo kama bibi harusi. Akaniuliza, "Nasimiyu, unaficha nini huko?" Nikaondoa mkono. Akaangalia lile pengo, akasogea, akanishika kidevu kama ninavyowashika watoto kwenye kiti. "Hii ni ya Chebet?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwa nini sitaki iguswe. Nilidhani atalia nami. Akaachia kidevu changu, akasema, "Huyo msichana alikutengenezea mdomo ndio ucheke. Sasa wewe umefunga mdomo umekaa unamlinda. Unamlinda na nani?" Halafu akaniongezea viazi, kwa hasira kidogo, unajua anavyoongeza. Nilirudi Nakuru na gunia dogo la viazi.

Nikamwambia Njeri kesho yake. Sikumwangalia. Nilisema, "Ukipata nafasi."

Nililala kwenye kiti chako, chumba chako, dari yako yenye lile doa la maji tuliloahidi kulipaka rangi. Akanifunika mdomo kwa ile karatasi ya mpira wa kijani inayolikinga jino na mate, kwa hiyo sikuweza tena kusema neno. Ni vyema, maana ningesema mengi. Machozi yalikuwa yakiteremka kwenye masikio. Akayafuta na pamba bila kuuliza, akashusha miwani yake, akawasha taa.

Alikaa kimya muda mrefu. Akapitisha chuma. Akaleta taa nyingine, akaimulika kutoka nyuma ya jino. Mimi mwenyewe nimewanyamazia wagonjwa hivyo, najua ukimya huo una maana gani, na nilikuwa nikikuaga. Kisha akasema, "Daktari, hii bondi, hii gundi yake, haijaachia." Nikatoa macho. "Haijaachia mahali popote. Imeshika kwa jino yote, mpaka kwa ukingo. Kitu imevunjika ni resini yenyewe, hapa kwa ncha, na chini ya hiyo nyufa bado kuna resini ingine imeshikana na jino." Akasogeza taa kwa meno mengine, akayatazama moja moja, halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kunikosea heshima, "Unasaga meno usiku?"

Binti yangu aliwahi kuniuliza akiwa likizo. "Mum, huwa unatafuna nini ukilala?" Nilimjibu labda naota harusi. Mimi, ambaye huwatazama watu usoni na kuwaambia kwamba meno yao yamechakaa kwa sababu ya mawazo, sikujiuliza mara mbili. Nimekuwa nikikusaga usiku kucha tangu tulipokuzika. Gundi yako haikushindwa. Chupa zako tatu hazikushindwa. Mimi ndiye niliyeivunja resini kwa taya zangu mwenyewe, nikilala, na kisha nikatembea na pengo hilo nikidai lisiguswe.

Njeri akasema, "Sitoi kitu. Nitakwaruza hapo juu kidogo, nipake dawa ya kushikanisha, nijenge juu ya yake." Hapo nikainua mkono, kama tunavyowafundisha wagonjwa wainue wakiumia. Akasimama papo hapo. Sikuwa naumia. Nilikuwa nataka kumwambia sheria yako. Akaangalia mkono wangu ulioning'inia hewani, akasema, "Najua Daktari Chebet alikuwa anatoa yote. Nimeona kwa wagonjwa. Lakini kila ukitoa yote, unatoa na jino pia. Hapa hakuna haja. Msingi yake ni mzuri kuliko yenye nitaweka mimi." Hapo umekosea, Chebet rafiki yangu. Siku zote ulikosea hapo, na mimi nilikufuata kwa sababu ulikuwa mrefu na ulisema mambo kwa sauti.

Nikashusha mkono.

Alipofika mahali ambapo jino lenyewe lilikuwa wazi kidogo kwenye ukingo, akatia asidi na akangoja. Nikawa nahesabu moyoni kama ninavyohesabu kwa kila mgonjwa. Nikapita muda wa kitabu. Hakuosha. Aliimba kidogo, akaendelea kungoja, na alipochukua maji kuosha, nami nilikuwa nimefika mwisho wa hesabu yangu, yaani yako. Nilijiachia kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza tangu nilale.

Limekuwa jino zuri. Kona yake si kama yako. Yeye huimaliza kwa ukali kidogo, na nimemwambia, naye amesema nitaizoea. Pale ulipoishia wewe na alipoanzia yeye, kuna mstari ambao mtu wa kawaida hataona. Mimi nauhisi kwa ulimi. Usiku navaa kifaa cha plastiki alichonitengenezea, kinanifanya niongee kama mlevi, na asubuhi taya haziumi. Bado nakuota. Lakini sikusagi.

Siwezi kukudanganya kwamba upweke umekwisha. Saa ya chakula bado inafika na mimi bado nageuza shingo. Nikiona kesi ngumu bado nina sentensi nzima tayari kwa ajili yako, na naimeza. Njeri ni mzuri, na bado hajanibishia kitu kwa ukali unaostahili. Nimemwahidi kwamba Januari atanikagua, nami nitamkagua yeye, na alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe naye hana mtu hapa. Miezi yote hii mtu mpweke ameketi upande wa pili wa ukuta wangu akiimba, na mimi nikahesabu tu urefu wa kigoda.

Sasa kuhusu mashindano. Najua ungesema jino lililotengenezwa upya limetoka kwenye mchezo. Nami nasema gundi ndiyo tuliyoshindania, na gundi haijaachia, ya kwako wala ya kwangu. Tunaendelea. Najua pia kwamba jino moja dhidi ya jino moja si ushahidi wa kitu chochote, na kwamba hatukuwa tukishindania sayansi.

Kwaheri, Chebet. Lala, daktari wangu. Nakuahidi hivi: siku moja, mimi nikiwa kikongwe au kabla, moja kati ya haya mawili litaachia, kwa sababu hakuna gundi ya milele. Likianza la kushoto, nitasimama mbele ya watu wote wa kliniki na kusema kwa sauti kwamba nilikuwa mjinga, na jina lako nitalitaja. Likianza la kulia, nitalirudisha kimya kimya, na sitamwambia mtu.

Nasi wako.